Ukumbi wa Nyumbani: Mchezo wa Hadithi Pasipo Dadu



Barua moja imetufikia kutoka Korogwe. Aliyeiandika ni kijana wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wa sekondari, na jina lake hatutalitaja, kwani jambo lenyewe ni la nyumbani kwao. Atueleza kwamba mjomba wake akaaye Muscat alipokuja kuwatazama alimletea kitabu cha mchezo uitwao Dungeons & Dragons pamoja na kifuko cha dadu saba za rangi ya buluu. Yeye na wenzake watatu wakawa wanacheza katika baraza ya nyuma kila Jumamosi. Siku moja baba yake akapita, akasikia dadu zikigonga sinia, akauliza, "Hivi ni vitu gani?" Alipojibiwa hakugomba. Alizikusanya zote saba, akazitia mfukoni mwa kanzu yake, akaenda zake msikitini. Hata siku ya kuandikwa barua hajasema neno, wala dadu hazijarudi.

Kijana auliza mambo mawili. Je, mchezo huu ni haramu? Na ikiwa tatizo ni dadu, je, iko njia ya kuucheza pasipo hizo, kwa vitu vinavyopatikana Korogwe bila ya kungojea mjomba mwingine atoke Arabuni?

Swali la kwanza tutaligusa kwa adabu, kwani sisi si mamufti. La pili ndilo lililotutoa nyumbani, likatupandisha basi mpaka Korogwe, na kutoka Korogwe tukashika ile njia ya kilomita 65 mpaka Handeni, ambako rafiki yetu mmoja ana nyumba yenye watoto wengi na mkeka mpana. Habari za huko zaja mbele.

Kwanza wazazi wasioujua mchezo huu hawana budi waelezwe ni nini, maana jina lake la Kizungu, lenye magereza ya chini ya ardhi na majoka, laweza kumtisha mtu kabla hajaufahamu. Ni hadithi isimuliwayo na watu wengi kwa pamoja. Mmoja wao huwa Msimulizi: ndiye ajuaye nchi ilivyo, mto uko wapi, na nani anangoja nyuma ya mlango. Waliobaki kila mmoja hujitwalia mtu wa ndani ya hadithi: huyu mwindaji, yule mganga wa mitishamba, yule mwenye kujua njia. Msimulizi husema, "Mmefika ukingoni, maji yamejaa, na jua linakuchwa, mtafanya nini?" Nao hujibu. Hakuna ashindaye wala ashindwaye; kuna hadithi inayokwenda mpaka ikafika. Sisi tuliokulia kwenye paukwa na pakawa hatuuoni kuwa kitu kigeni sana. Tofauti ni kwamba bibi alipotusimulia, sungura alifanya alilolitaka bibi. Hapa sungura ana akili zake mwenyewe.

Mchezo huo ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1974 huko Marekani, na waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Walikuwa wapenzi wa michezo ya vita ya mezani, ile inayotumia askari wadogo wa risasi. Na hapa pana jambo linalotufurahisha, kwani linamhusu kijana wetu: mchezo wenyewe ulizaliwa kwa vitu vya kuokoteza. Gygax alipotaka wanyama wa kutisha wa kuweka mezani hakuwapata madukani, akanunua mfuko wa vinyago vya plastiki vya bei rahisi vilivyotengenezwa Hong Kong, vyenye maumbo ambayo hakuna aliyeweza kusema ni ya mnyama gani, naye akawapa majina na tabia. Baadhi ya wanyama hao wangali ndani ya vitabu vya mchezo mpaka leo. Zile dadu za pembe nyingi nazo hazikutengenezwa kwa ajili ya mchezo. Alizipata katika orodha ya vifaa vya shule. Na mwaka 1979 dadu zilipoadimika, kampuni iliyouza mchezo ilitia ndani ya boksi karatasi ngumu zilizoandikwa tarakimu, wachezaji wazikate kwa mkasi, wazitie kikombeni na kuziokota moja moja. Kwa hiyo mtu asimwambie kijana wa Korogwe kwamba mchezo huu hauchezeki ila kwa vyombo vya dukani.

Ama kuhusu dadu. Kamari imekatazwa katika aya ya 90 ya Sura Al-Maida, na hilo halina mjadala baina yetu. Walakini vijana hawa hawakuweka fedha, hata soda hawakuwekeana. Basi yaliyobaki ni yale yaliyopokewa katika Sahihi ya Muslim juu ya mchezo wa nardi, ambao ni mchezo wa ubao uchezwao kwa kutupa dadu, na makemeo yake ni makali. Imamu Nawawi katika sherehe yake ya kitabu hicho ameichukua hadithi hiyo kuwa hoja ya Mashafii na ya wanazuoni walio wengi katika kuuharamisha nardi. Na wanazuoni wa Kishafii, ambao ndio wafuatwao na wengi wetu katika pwani hii, wamepambanua michezo: ule unaosimama juu ya hesabu na fikra, kama sataranji, hawakuuweka katika daraja moja na ule unaosimama juu ya bahati tu. Wako pia wanazuoni wa zama hizi wanaoona kwamba dadu katika mchezo wa watoto usio na dau haiingii katika makemeo yale. Mwenye kutaka hukumu amwendee shekhe wake. Sisi twasema hivi tu: baba wa Korogwe hakufanya jambo la ajabu wala la ujinga. Alisikia mlio alioujua, akafanya alivyofundishwa.

Lakini tukitazama vizuri twaona ya kuwa dadu si roho ya mchezo huu. Kazi yake ni moja: mtu akitaka kufanya jambo gumu, dadu huamua kama limefaulu. Ikipatikana njia nyingine ya kuamua, dadu haina kazi. Na Wamarekani wenyewe wamekwisha kulifikiri jambo hilo. Mwaka 1991 Erick Wujcik alitoa mchezo wa hadithi usiokuwa na dadu hata moja, uitwao Amber, ambamo nguvu za watu hulinganishwa tu na mwenye hila bora akapita. Basi tukasema, ikiwa wao wameweza, sisi tulio na bao hatushindwi.

Tulilikumbuka bao kwa sababu ndani yake hamna bahati. Mistari minne ya mashimo manane, kete 64, na kila kitu kiko wazi mbele ya macho ya wote. Akifungwa mtu asimlaumu ila yeye mwenyewe. Kete zake ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mti wa miiba uitwao mkomwe unaotambaa huku pwani, nazo ni nzuri kushikika mkononi kuliko plastiki yoyote. Kwa rafiki yetu wa Handeni bao lilikuwa ukutani, limening'inizwa, na kete zake zote 64 zimo katika kifuko cha kitambaa. Hicho ndicho kikawa chombo chetu cha kwanza na cha maana kuliko vyote.

Mpango wetu ulikuwa huu. Kila mchezaji huandika katika kipande cha kadi mambo matatu: Nguvu, Maarifa, na Subira. Huyagawia alama saba kama apendavyo, lakini hakuna lipatalo chini ya 1 wala zaidi ya 4. Msimulizi akimwekea jambo gumu, hulitajia uzito wake kwa sauti, tangu 1 hadi 6. Kwa mfano, "Kuvuka mto Pangani wakati wa mafuriko: Nguvu, uzito 5." Mwenye Nguvu 3 amepungukiwa na mbili, basi akitaka kuvuka hutoa komwe mbili, akazitia katika bakuli lililo katikati. Asipotaka kuzitoa, jambo halikufaulu na hadithi humwendea vibaya, lakini hupewa komwe moja ya kumpoza. Naye Msimulizi aweza kuzitwaa komwe za bakuli akazidisha uzito wa mashaka yajayo, komwe moja kwa uzito mmoja, na zile alizozitumia humwendea yule yaliyemfika mashaka hayo, baada ya kuisha kwake. Basi komwe hazipotei. Huzunguka, kama zinavyozunguka katika bao.

Jambo moja zaidi. Mchezaji akibuni hila nzuri, uzito hushuka. Asemaye tu "Navuka" hulipa zote. Asemaye "Natwaa katani, nasokota kamba, naifunga katika mti wa ukingoni" huyo Msimulizi humpunguzia. Hapo ndipo fikra iliposhika mahali pa bahati.

Jioni ya kwanza tulikosea, na kosa lilikuwa letu. Wachezaji walikuwa watano, wasichana watatu na wavulana wawili, wa miaka kumi hadi kumi na saba, na Msimulizi alikuwa dada yao mkubwa. Tuliwagawia komwe kumi na mbili kila mmoja. Mchezo ukawa mwepesi kama uji wa mgonjwa. Kila kizuizi walikilipia, hakuna aliyefikiri, na mvulana mdogo akalala juu ya mkeka kabla hawajafika kijiji cha pili. Kesho yake tukapunguza hata tisa. Komwe tisa kwa watu watano ni 45, zikabaki 19 za akiba ya kuwapozea waliokwama. Tofauti ilionekana mara moja. Walianza kunong'onezana na kushauriana, na kila mtu akizihesabu zake kwa kidole.

Hadithi yenyewe hatukuichukua ya majoka. Nchi ya Handeni na Korogwe ina hadithi yake iliyo kubwa kuliko hizo, nayo ni ya Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu, akazaliwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota, na kwa hiyo jamaa zake wakamwona kuwa mwenye nuksi, wakamchukia. Alikwenda Kilindi (leo ni wilaya, iliyokatwa kutoka Handeni mwaka 2002), akapita Zirai, akapanda milima ya Usambara hadi Bumbuli, na mwisho Vuga, ambako usiku mmoja aliua simba na watu wakamfanya mtawala wao. Aliyetuandikia habari hizi kwa Kiswahili ni Mwislamu, Abdallah bin Hemedi, aliyewajua watawala wa Kikilindi na kukaa nao. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapishwa upya Nairobi mwaka 1962, na kwa maoni yetu ni aibu kwamba vijana wengi wa Korogwe wanaopita Mazinde kila siku katika basi hawajui kwamba palikuwa na makao ya Semboja, mwana wa Kimweri.

Wachezaji hawakuwa Mbega. Walikuwa wenzake wa safari. Hilo twawashauri wote watakaocheza kwa habari za kale. Mkubwa wa hadithi aachiwe Msimulizi, ili kisa kisipindishwe mpaka kikawa si kile tena, na wachezaji wawe watu wasiotajwa na kitabu. Humo ndimo penye nafasi.

Ramani tuliichora nyuma ya kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita, ambayo karatasi yake ni nzito na pana. Kwanza tuliipaka chai kavu iliyoiva sana, tukaianika kivulini. Ikatoka rangi ya karatasi ya zamani, na mikunjo yake ikashika weusi kama hati ya urithi. Ikaushwe chini ya kivuli tu, kwani ile tuliyoianika juani ilikunjamana kama papa mkavu. Milima tuliichora kwa makaa, mto kwa wino wa buluu. Vijiji vilichorwa kadiri vilivyofikiwa, wala si kabla, na watoto waligombania kalamu.

Mbele ya Msimulizi pana kitu ambacho Wazungu hukinunua kwa bei isiyokuwa na maana: ubao wa kukunja unaoficha karatasi zake. Sisi tumekiita kiambaza. Twaa boksi kubwa la kadibodi, kama lile la biskuti au la mafuta ya kupikia, kata pande tatu zilizoungana, kila moja urefu wa shubiri na nusu. Ukizisimamisha zitasimama zenyewe. Ikiwa kadibodi ni nyepesi, gundisha mbili pamoja kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa mzito, weka Korani, la hasha, weka vitabu vingine vizito juu yake usiku kucha. (Mmoja wa watoto alikuwa ameshika Msahafu ili autumie kwa kazi hiyo, bibi yake akamkemea mpaka tukanyamaza sote.) Upande wa ndani Msimulizi abandike majina ya watu na vijiji, maana hakuna kinachoharibu hadithi kama Msimulizi kuuliza, "Yule mzee tulimwita nani?" Upande wa nje watoto wa Handeni walichora mistari ya ukili wa mkeka kwa rangi tatu, na ukapendeza. Lakini uzito wa mambo usifichwe nyuma ya kiambaza hata siku moja. Kinachofichwa ni njia ambayo haijafikiwa. Kinacholipiwa lazima kiwe wazi, ama sivyo tumerudi katika kubahatisha kwa mlango wa uani.

Ziko pia alama za kuonyesha nani yuko wapi juu ya ramani. Wenye mchezo huko ng'ambo huweka sanamu ndogo zilizopakwa rangi, mtu na panga lake, na ufundi huo una wapenzi wake. Hapa tena pana neno. Kufanya sanamu za viumbe wenye roho ni jambo lililokatazwa, ingawa wanazuoni wengi wametoa ruhusa kwa vitu vya kuchezea watoto, kwa hoja ya wanasesere wa Bibi Aisha waliotajwa katika Sahihi za Bukhari na Muslim. Sisi hatukuhitaji kufika huko. Vifuniko vya soda vilivyotandazwa kwa nyundo, na ndani yake karatasi iliyoandikwa herufi ya kwanza ya jina, vilitosha kabisa, na kila mcheza drafti wa kijiweni anavifahamu. Fundi seremala mmoja wa Korogwe alituonyesha kitu bora zaidi: lile bua refu la mkonge linalotoa maua, ambalo likikauka huwa jepesi na laini kwa msumeno. Alilikatakata vipande vyembamba vya mviringo, unene wa kidole, vikapigwa msasa. Havizidi uzito wa kifuniko, havitoi kelele, na vyashika rangi. Hakutaka malipo, alisema bua lenyewe hutupwa. Mkonge uliletwa nchini humu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Hakika hakudhani kwamba baada ya miaka mia moja na thelathini na zaidi bua lake litakuwa mwenzake Mbega.

Twarudi Handeni, jioni ya pili, maana bado hatujasema lililotuweka macho.

Bibi wa nyumba ile, Mzigua mwenye umri mkubwa, alikuwa ameketi pembeni akichambua maharage, akijifanya hasikilizi. Msafara ulipofika kijiji cha tatu, wavulana wakasema, "Tunaingia, tunatafuta chakula." Bibi akainua kichwa. "Mnaingia? Mgeni gani anaingia kijiji cha watu bila hodi?" Wakaanza kucheka. Yeye hakucheka. Msimulizi naye, kwa kumwogopa bibi yake, akawatoza komwe moja kila mmoja, nasi tukaliandika kuwa sharti: asiyebisha hodi hulipa. Kutoka hapo bibi aliyaacha maharage, na Msimulizi akawa akimtazama yeye kabla ya kusema.

Walipofika Vuga ilikuwa kama saa tatu na nusu usiku. Simba akaja. Uzito wake 6, na dada mkubwa akatwaa komwe tano za bakuli akaziweka juu ya simba: ukawa 11. Mvulana mkubwa, mwenye Nguvu 4, alishika mkuki. Alipungukiwa na saba, naye mkononi alikuwa na mbili. Wenzake walikwisha kutumia zao, ila msichana mmoja wa miaka kumi na moja, mpole, ambaye usiku mzima hakusema maneno kumi, naye alikuwa amezificha nane chini ya ukingo wa kanga yake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Naweza kumkopesha?"

Wote walitutazama sisi. Hatukuwa tumelifikiri jambo hilo. Tulikuwa tukianza kusema kwamba labda akope mbili leo alipe tatu baadaye, jambo ambalo tukilikumbuka sasa twaona haya, kwani tulikuwa karibu kuingiza riba katika mchezo tuliousafisha dadu. Bibi alitukata kauli. "Mbele ya simba hakuna kukopeshana," alisema. "Ampe." Yule msichana akahesabu tano, akazisogeza kwenye mkeka moja moja. Simba akafa. Mvulana yule, ambaye mchana kutwa alikuwa akimwita dada yake kitoto, alizitwaa komwe bila ya kusema neno. Na waliposimama kwenda kulala tulimwona akimbebea mto wake.

Tumeliweka hilo pia katika masharti. Mtu aweza kumpa mwenzake komwe wakati wowote, lakini hakopeshi.

Limebaki la wakati, ambalo wazazi wengi wamelilalamikia juu ya michezo yote, nalo ni la haki. Hadithi nzuri haina kikomo chake yenyewe. Kwa hiyo tulifanya saa ya mchanga: chupa mbili ndogo za plastiki za maji, vifuniko vyake vimegundishwa mgongo kwa mgongo na kutobolewa tundu moja kwa msumari uliopashwa moto, na ndani mchanga mkavu uliochekechwa kwa chujio la chai mara mbili. Mchanga wenye unyevu hukwama, na ule usiochekechwa huziba tundu. Pima kwa saa ya mkononi, ongeza au punguza mpaka ifike nusu saa. Sharti letu lilikuwa migeuzo miwili baada ya Isha na si zaidi. Na ikiwa mchezo ni wa alasiri, basi adhana ya Magharibi ndiyo mchanga. Usiku ule wa simba, tunakiri, mgeuzo wa tatu ulipita bila ya mtu kuutazama, na bibi akiwa wa kwanza.

Basi kwa kijana wetu wa Korogwe: komwe 64 kwa mwenye bao, asipokupa zitafute kwa watu wa Pangani, boksi moja, kalenda moja, mabua ya mkonge ambayo hutayakosa, na chupa mbili. Kitabu alichokuletea mjomba kisome, kina mengi ya kufundisha namna ya kupanga kisa, lakini kila kinaposema dadu wewe taja uzito.

Ama kuhusu zile dadu saba, umetuomba tumwandikie baba yako ili azirudishe. Hatutafanya hivyo. Ni mali iliyo mfukoni mwake, nyumbani kwake, na yeye hajatuuliza. Lakini umesema katika barua kwamba baba yako ni bingwa wa bao pale kijiweni kwao, na ya kwamba kete zake ni za zamani, za marehemu babu. Mwombe hizo. Mwambie ni za kazi gani, na umwonyeshe ramani kabla hujamwonyesha kitabu. Kisha utuandikie amejibu nini.